Tangi Lililotaka Kuelea

Vijana wa ofisini mliponiaga mwezi uliopita mlinipa saa ya ukutani. Nimeitundika. Sasa nina saa na sina pa kuwahi, kwa hiyo nimekaa kuandika yale mliyokuwa mkiniuliza wakati wa chai, hasa habari za lile tangi la zahanati kule ufukweni mwa ziwa. Kila mmoja wenu analisimulia kwa namna yake, na hakuna hata mmoja aliyekuwepo. Vyeo na mishahara nitaviacha. Vimo kwenye jalada langu, na sijaona jalada lililomfundisha mtu kujenga.

Siku ya kwanza nilipofika ofisi ya maji Mbinga, nikiwa na cheti changu cha ufundi ndani ya bahasha, karani alinionyesha birika. Alidhani nimeletwa kupika chai. Nikapika, maana nilikuwa nimetoka mbali na chai niliitaka mwenyewe. Nilipomaliza nikamkabidhi kikombe chake na bahasha juu yake. Aliisoma mara mbili, akatoka nje akaita, "Mzee Kapinga! Fundi wako mpya amefika. Ni msichana."

Mzee Kapinga alikuwa mwashi, Mmatengo wa Maguu, mtu mfupi mwenye mikono iliyoparuzwa na saruji mpaka alama za vidole zikafutika. Nikamwamkia, "Shikamoo Mzee." Akaitikia, "Marahaba," kisha akanitazama viatu. Habari za usichana hakuzigusa.

"Hivyo havifai," akasema. "Kesho uje na vingine. Tunakwenda kuchimba."

Kifaa cha kwanza alichonipa kilikuwa mpira mwembamba unaopitisha mwanga, mrefu kuliko nyumba, umejazwa maji. Wewe ushike ncha moja huku, mwenzako ashike nyingine kule, na maji yatasimama usawa mmoja pande zote mbili hata kama katikati kuna ukuta. Kwa mpira ule tulipima midomo ya matangi na mteremko wa gata za mapaa. Ofisi ilikuwa pia na darubini ya kupimia, nzuri, imefungiwa kabatini. Ufunguo alikuwa nao mtu aliyehamishiwa Songea.

Safari yetu ya kwanza ilikuwa Maguu, kwao. Kabla ya kunionyesha kazi alinipitisha shambani kwa mkewe, mlimani, akaniambia nisimame juu ya ngolo nitazame chini. Wageni wanaodhani ngolo ni matuta hawajazikanyaga. Ni mashimo yaliyopangwa mteremko mzima mfano wa masega ya nyuki, nyasi zimelazwa chini, udongo umewekwa juu yake, na mazao yanaota kwenye kingo.

"Mvua ikinyesha hapa maji yanakwenda wapi?" akaniuliza.

"Yanabaki shimoni, Mzee."

"Na udongo?"

"Nao unabaki."

"Basi. Hawa akina mama hawakusomea kazi hii popote. Sisi tunaongeza saruji tu."

Alinifundisha tangi la chini ya ardhi hatua kwa hatua. Uchimbe shimo la mviringo, chini liwe kama kitako cha chungu, maana pembe ndizo zinazopasuka kwanza. Ulikande kwa maji, ulipige lipu ya kwanza, utandike waya wa kuku, juu yake uzungushe senyenge, kisha lipu ya pili na ya tatu, mwisho uji mzito wa saruji. Halafu ulifunike kwa magunia mabichi na kulimwagia maji asubuhi na jioni mpaka ulichoke. Choo kiwe mbali, tena upande wa chini wa mteremko. Mti mkubwa uwe mbali zaidi, kwa kuwa mizizi husikia harufu ya maji kuliko mbuzi anavyosikia harufu ya chumvi.

Tangi langu la kwanza peke yangu lilivuja. Lilikuwa la mkulima mmoja wa kahawa hukohuko milimani. Nilipiga lipu nusu, giza likaingia, nikaendelea kesho yake. Lipu ya jana na ya leo hazikushikana. Mvua zilipoanza, mkulima yule alikuwa akijaza maji juu na kilima kinayanywa chini. Mzee Kapinga hakunikemea. Alinipa nyundo, akaniamuru nilibomoe mwenyewe mbele ya mwenye nyumba, nimwombe radhi, nianze upya. Nilibomoa siku mbili. Tangu hapo sijaianza lipu ya tangi nikaiacha njiani, na kuna harusi ya binamu yangu niliyoikosa kwa sababu hiyo. Hajanisamehe. Tangi halivuji.

Kisha ukaja wakati wa ruksa, kila mtu huru kuagiza na kuuza. Nyie mmekulia ndani yake, hamwezi kujua ulivyoingia. Bohari letu, ambalo miaka yote lilikuwa na kila kitu kwenye daftari na nusu yake kwenye rafu, likabaki na popo. Maduka ya mjini, ambayo zamani mtu aliingia kuulizia sabuni akatoka na pole, yakajaa saruji, bati, mabomba na pampu za rangi zote. Na wakati huohuo ikaja orodha ya kupunguza wafanyakazi. Mzee Kapinga alikuwamo. Alivua koti la kazi, akalikunja vizuri, akalirudisha bohari na kudai risiti. Alipoipata akaniambia, "Haya mwanangu, sasa mzee ni wewe," akapanda lori kurudi kwenye kahawa yake.

Mwaka uliofuata ndipo barua ya Nesi Haule ilipofika.

Nesi Haule aliiongoza zahanati ndogo ya kijiji kimoja cha ufukweni, kusini ya Mbamba Bay unapoelekea Chiwanda. Barua yake ilikuwa fupi. Zahanati haina bomba wala kisima. Kila mjamzito anayekuja kujifungua lazima ndugu zake wamletee maji ya ziwani. Miezi mitatu iliyopita mama mmoja alishuka kuteka maji kwa ajili ya binti yake aliyekuwa na uchungu, karibu na mdomo wa mto, na mamba akamchukua. Mjukuu alizaliwa salama saa hiyohiyo. "Naomba fundi," aliandika mwishoni. "Maneno ya pole nimeshapewa mengi."

Nilikwenda. Nikamkuta mwanamke mrefu, mkimya, aliyefunga kanga juu ya gauni jeupe la kazi. Paa la zahanati lilikuwa la bati zuri, jipya, refu. Nilipolitazama nikaona tangi lenyewe, kazi iliyobaki ni kuchimba.

Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Nombo, alikuwa mvuvi na hakulificha lililomo moyoni. Aliniuliza mbele ya mkutano, "Mama Fundi, ziwa lote lile liko pale, wewe unatafuta maji kwenye bati?"

"Ziwa lina wenyewe, Mzee," nikamjibu. "Na mmoja wao mnamjua."

Nilijuta baadaye, nilipoambiwa kwamba yule mama aliyechukuliwa alikuwa dada yake Mzee Nombo. Kesho yake asubuhi yeye ndiye alikuwa wa kwanza kufika na jembe.

Tulichimba wiki nzima. Mchanga wa kule ni laini, unapendeza kuchimba baada ya mawe ya Maguu. Siku ya mwisho, chini kabisa, mchanga ulikuwa na unyevu. Niliushika, nikaufinya, ukashikamana kiganjani. Naandika jambo hili kwa herufi kubwa moyoni mwangu: niliuona unyevu ule, nikajiambia ni kiangazi, hauna neno. Milimani nilikokulia kikazi maji yanashuka. Sikuwa nimefikiria kwamba ufukweni yanaweza kupanda.

Lipu tuliipiga siku moja, kuanzia alfajiri hadi jioni, akina mama wakipokezana mchanga na saruji kwa mabeseni. Tukajenga na kifuniko cha kuba chenye mlango wa kutosha mtu mmoja. Tulipoondoa magunia, Nesi Haule aligonga ukuta kwa kiganja, akaitikiwa na mlio kama wa ngoma. Alitabasamu mara ya kwanza tangu nimfahamu. Zikabaki gata na pampu ya mkono.

Zamani ningejaza fomu na kusubiri. Sasa nilipanda lori kwenda Mbinga, dukani kwa Bwana Abdallah, mfanyabiashara ambaye babu yake alitoka pwani ya Lindi. Alikuwa na pampu tatu za kijani, zinang'aa.

"Nzuri hizi," akasema.

"Nifungue moja?"

"Dada, watu hununua pampu. Hawaifungui."

"Mimi hufungua."

Akanipa spana mwenyewe. Ndani, mahali pa ile washa ya ngozi inayobana maji yasirudi, tulikuta karatasi ngumu iliyopakwa rangi ya kahawia. Bwana Abdallah aliishika kwa vidole viwili kama mtu aliyemkuta panya ndani ya unga. Akazifungua na zile mbili. Karatasi. Akakaa kwenye gunia la saruji, akasema, "Waliponiuzia walinikaribisha na soda." Akafunga duka. Tukaenda pamoja kwa fundi viatu, tukamkatisha washa sita za ngozi ya ng'ombe, tukaziloweka kwenye mafuta ya nyonyo siku mbili mpaka zikalainika. Vyuma vya pampu vilikuwa imara. Moyo tu ndio ulikuwa wa karatasi, na huo tuliubadilisha. Pampu nyingine mbili alizitengeneza vivyo hivyo kabla ya kumuuzia mtu.

Siku hizo mbili za kusubiri ngozi ndipo mvua zilipoamua kuwahi. Hazikuanza kwa manyunyu. Zilimwagika milimani usiku na mchana, na barabara ya Mbamba Bay ikawa tope. Nilikaa njiani siku mbili nyingine nikiwa nimekumbatia pampu ndani ya gunia, gata zimefungwa ubavuni mwa lori. Kutoka Mbamba Bay nikapata boti ya wauza dagaa. Tulifika kijijini saa nne asubuhi, mvua imepumzika, mawingu bado yamekaa juu ya milima. Mzee Nombo alikuwa amesimama ufukweni ananingoja.

"Mama Fundi, tangi lako limeota."

"Limeota vipi, Mzee?"

"Njoo uone mwenyewe. Juzi ukingo wake ulikuwa chini ya kifundo cha mguu wangu. Leo uko juu yake."

Nilikimbia na gunia begani. Pande zote za kuba udongo ulikuwa umepasuka duara, na kwenye ufa ule maji ya kahawia yalikuwa yakichungulia. Nikagonga ukuta. Mlio ulikuwa uleule wa ngoma, na safari hii ulinikata maini. Chukua chungu kitupu ukizamishe kwenye beseni la maji, kisha uondoe mkono. Ndivyo tulivyokuwa. Maji ya ardhini yalikuwa yamepanda, na tangi letu zima, pamoja na saruji, waya, na jasho la kijiji, lilikuwa likitoka shimoni taratibu. Likiendelea hivyo, lingeinama upande mmoja na kupasuka kitako.

Nesi Haule alikuja akasimama nyuma yangu. Ndani ya zahanati kulikuwa na mwanamke mwenye uchungu, mkunga mzee yuko naye; nilimsikia.

Nilijua njia moja ya haraka: kushuka ndani na tindo, kutoboa kitako, maji ya ardhini yaingie na nguvu za kuinua ziishe. Tangi lingetulia. Lingekuwa pia shimo lenye tundu, na ningemwachia nesi yule kumbukumbu nyingine ya pole. Mzee Kapinga alikuwa Maguu, mwendo wa siku mbili kwa hali ile ya barabara. Nilitamani sana awe pale aniamulie. Nikakaa juu ya kuba, uzito wangu wote, kana kwamba ungesaidia. Na nilipokuwa nimekaa hivyo kama mjinga, nikatambua nilichokuwa nikifanya. Uzito. Tangi lilikuwa linataka uzito, na hakuna mzigo uliokuwa rahisi kupatikana kijijini pale kuliko maji.

"Nesi," nikasema, "piga kengele. Kila mtu aje na ndoo."

"Kufanya nini?"

"Tulijaze tangi. Maji ya ziwa, ya mto, ya dimbwi, yoyote."

Alinitazama kwa nukta moja tu. Kisha akashika nondo akaanza kulipiga rimu la gari lililoning'inia mlangoni, kwa nguvu ambayo sikujua anayo.

Walikuja kutoka kila upande. Nilipowaeleza, mama mmoja mwenye ndoo kichwani alisema kwa sauti, "Si ulituambia tangi hili litatuondolea kubeba maji?"

"Nilisema, mama. Leo nimegeuka."

Kicheko kilipasuka, na kicheko kile ndicho kilichotusogeza. Tukapanga mstari kutoka ufukweni hadi mlango wa kuba, ndoo zikipita mkono kwa mkono. Mzee Nombo akawaita wavuvi wenzake, wakaingia majini hadi magotini na makasia yao, wakasimama nusu duara wakiyapiga maji, pa! pa! pa!, ili mamba asithubutu kusogea wakati wanawake wanateka. Yeye mwenyewe alisimama mwisho kabisa, upande wa mdomo wa mto. Hakuna aliyempangia pale.

Ndoo ni ndogo na tangi ni kubwa. Hadi saa saba maji ndani yalikuwa ya kufika gotini tu, na ukingo ulikuwa umepanda upana wa kidole kingine. Ndoo zilianza kufika nusu. Ndipo mvua ikarudi. Ilikuja kutoka milimani kama ukuta, na watu wakanitazama mimi, maana walijua kama mimi kwamba mvua ile ndiyo iliyokuwa ikituinulia tangi.

Gata zangu zilikuwa bado zimefungwa kwenye boti, na kuzipiga misumari ni kazi ya siku nzima. Nikatazama paa. Maji yalikuwa yakiporomoka kutoka kwenye bati lote lile refu, yanamwagika chini bure, yanaingia mchangani kwenda kulisukuma tangi.

"Migomba!" nikapiga kelele. "Leteni panga, kateni migomba!"

Migomba ya nyuma ya zahanati ilikuwa ya Nesi Haule. Alishika panga akawa wa kwanza kukata. Tuliyapasua magogo katikati, tukayakomba ndani yakawa mifereji, tukayafunga kwa waya chini ya ukingo wa paa, moja likimwagia jingine. Mpira wangu wa kupimia usawa ulibaki begani. Mteremko niliukadiria kwa macho, jambo ambalo siwaruhusu nyie mlifanye. Gogo la mwisho tuliliingiza kwenye mlango wa kuba.

Lilikohoa majani na matope, kisha likaanza kumwaga. Halikumwaga kama ndoo. Lilinguruma. Mvua ileile iliyokuwa ikilisukuma tangi kutoka chini sasa ilikuwa ikilikandamiza kutoka ndani. Mstari wa ndoo haukuvunjika hata hivyo. Watu walikuwa wameshaonja ushindi, hawakutaka kuachia bati peke yake. Wakaanza kuimba. Niliweka kidole kwenye ufa wa udongo na kukiacha pale. Ufa haukupanuka. Baada ya muda, nikiwa nimelowa hadi mifupani, nikahisi ukingo unakigusa kidole changu, unakibana. Tangi lilikuwa linashuka.

"Limekaa!" nikasema. Mvua ikaimeza sauti yangu. Mzee Nombo, aliyekuwa amepanda kutoka ziwani na kasia mkononi, alinisemea kwa sauti ya mvuvi: "Limekaaa!"

Katika kelele zile tulisikia kilio cha mtoto mchanga kutoka ndani ya zahanati. Nesi Haule alidondosha panga, akapangusa mikono kwenye kanga, akakimbia. Mkunga mzee aliyemwacha na mzazi alikuwa ameshamaliza kazi. Mtoto wa kike. Walimwogesha kwa maji ya bati, yaliyochemshwa.

Wiki zilizofuata nilifunga gata za kweli, nikaweka chujio la changarawe na bomba la kugeuza ili maji ya kwanza yanayoosha paa yamwagike nje. Nikachimba mtaro wa mawe kuzunguka tangi lote, unaopeleka maji ya ardhini bondeni, na mabegani mwa tangi nikamwaga zege nzito. Mtaro ulipoanza kufanya kazi tukayatoa maji yale ya matope, mvua ikalijaza upya, na Nesi akatia klorini. Mwashi yeyote atakayejenga ufukweni bila mtaro ule, hata kama nimestaafu, nitasikia na nitakuja.

Siku ya kufungua pampu alifika mgeni ambaye hatukumwalika. Mzee Kapinga alikuwa amesikia habari mnadani, akashuka kutoka milimani, nusu kwa lori na nusu kwa miguu. Alizunguka tangi mara tatu. Alipiga magoti akapitisha kiganja kwenye ukingo. Akaingiza kichwa mlangoni, akakaa humo kwa muda.

"Nani alikuambia ulijaze?" akaniuliza alipotoka.

"Hakuna, Mzee."

"Mimi sikukufundisha hili."

"Hapana."

"Ningekuwa hapa ningekuambia utoboe." Akapangusa magoti. "Bahati nzuri barabara ilikuwa mbaya." Kisha akatoa mkono, kwanza kwa Mzee Nombo, halafu kwa Nesi, halafu kwangu, na mimi alinipa mikono yote miwili.

Nesi Haule ndiye aliyeshika mpini wa pampu. Mara tano ukatoa upepo tu. Mara ya sita ngozi ya fundi viatu ilinyonya, bomba likatetemeka, na maji yakatoka meupe, mazito, yakajaza ndoo kabla watu hawajamaliza vigelegele. Mama wa yule mtoto ndiye aliyekunywa kwanza.

Nimejenga matangi mengi baada ya lile, Kihagara hadi mpakani, na yapo makubwa zaidi. Lakini lile nililifuatilia kama mtoto. Mwaka uliofuata nilirudi mwishoni mwa kiangazi, wakati hata vijito vya milimani vimebaki mawe. Nesi alifungua mlango wa kuba, nikashusha fimbo hadi chini na kuipandisha. Ilikuwa imelowa shubiri tatu.

"Mwezi huu wamezaliwa kumi na mmoja," akaniambia. "Hakuna aliyeshuka ziwani."

Tulikuwa bado tumesimama pale, fimbo mkononi, tone la kwanza lilipogonga bati, na la pili, kisha paa zima. Tulitazamana, tukakimbilia bomba la kugeuza tukisukumana kama wasichana. Mvua mpya ilikuwa imefika, na ya mwaka jana ilikuwa bado haijaisha.